Maranda Hutupwa Juu

Chujio nililitoa mimi. Ningeweza kuzunguka, niseme lilikuwa limelegea au lilitoka lenyewe, na kwa wiki tatu hivyo ndivyo nilivyojaribu kujiambia. Lakini lilitoka kwa vidole vyangu viwili, likakaa mfukoni mwa koti langu la kazi kwa dakika nne, kisha nikalirudisha mahali pake. Jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mtu mwenye akili kuliko karakana nzima.

Karakana yenyewe ilikuwa Athi River, upande ule ambao vumbi la saruji likitua kwenye nguo zilizoanikwa hakuna anayelalamika, mtu huzikung'uta tu akazikunja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulichonga vipuri: gia, shafti, puli, chochote kilichovunjika kiwandani ambacho mwenyewe hakutaka kungoja miezi kije kutoka ng'ambo. Tulikuwa na mashine kadhaa ndogo, na moja kubwa iliyotulisha sote, ile mafundi huiita miling. Kama hujaiona, ifikirie hivi. Chuma kimefungwa juu ya meza nzito. Juu yake kuna kikata chenye meno kinachozunguka. Meza inasogea polepole, kikata kinakula. Kinachobaki juu ya meza ndicho anachokilipia mteja, na kinachoruka pembeni ni maranda, kama yale ya seremala, ila haya ni ya chuma na yanaingia kwenye ngozi bila kubisha hodi.

Kikata kikila chuma kikavu kinaungua. Kwa hiyo wakati wote wa kazi kuna bomba dogo linalokimwagia kulanti, maji meupe yaliyochanganywa na mafuta, ambayo mgeni akiyaona hudhani ni chai ya shule ya bweni, maziwa kidogo na maji mengi. Kulanti inakimbia kwenye mfereji ulio pembezoni mwa meza, inaingia kwenye tundu, inashuka kwa bomba la mpira mpaka kwenye tangi lililo chini ya mashine, na pampu inairudisha juu. Inazunguka hivyo siku nzima. Na juu ya lile tundu kuna chujio, kipande cha wavu kisichozidi kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Kazi yake ni kuyazuia maranda yasiingie kwenye mpira. Ni hiyo tu. Kitu kidogo namna ile, na ndicho nilichoona kinanichelewesha kwenda nyumbani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakitoka kazini wana pa kupitia, wana watu wa kuonana nao, wana timu. Mimi nilikuwa na chumba kimoja cha kupanga, viti viwili, redio na jiko la mafuta ya taa, na sikuona mji wowote duniani uliokuwa na zaidi ya hapo. Nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Tulitoka kazini saa kumi na moja, na watu wa ploti, wapangaji wenzangu, walijua kwamba saa kumi na moja na dakika kumi na tano buti zangu ziko mlangoni na sufuria ya chai iko motoni. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja aliyeuza sukuma wiki na nyanya karibu na lango la kiwanda, aliwahi kuniambia kwamba angekuwa na kuku mwenye adabu ya kurudi mapema kama mimi asingemchinja kamwe. Tulielewana, isipokuwa kwa jambo moja. Mbele ya milango yetu ulipita mtaro wa maji machafu, na mimi nilikuwa na mazoea ya kumwaga humo makapi ya majani ya chai. Yeye aliona kwamba yanaziba mtaro. Mimi niliona kwamba majani ya chai ni kitu laini.

Sasa, usafi wa miling ulikuwa zamu yangu. Fundi wa mashine ile alikuwa mzee mmoja wa Kivaa, huko Ukambani, na yeye ndiye ninayetaka kumzungumzia, ingawa nimeanza na mimi mwenyewe kama kawaida yangu. Alifanya kazi kubwa tangu asubuhi mpaka saa tisa, halafu akahamia kwenye meza ya kuunganisha, nami nikapewa mashine kwa kazi ndogo ndogo za jioni, kisha niisafishe. Kusafisha kwa njia yake kulichukua dakika ishirini. Hakuruhusu upepo wa kompresa karibu na meza. Hakuruhusu ufagio. Ilikuwa brashi, na subira, na mimi nilikuwa na chai inaningoja.

Ndipo siku ile nikavumbua njia yangu. Nikatoa chujio, nikasukuma maranda yote kuelekea kwenye tundu, nikachukua bomba la upepo nikayapuliza ndani, nikarudisha chujio juu. Meza ikang'aa. Dakika nne. Nilifanya hivyo siku nane za kazi, na kila siku nilijiuliza ni kwa nini mzee wa miaka yote ile hakuwahi kufikiria jambo rahisi namna hii. Maranda yalikuwa yameenda wapi sikujiuliza. Yalikuwa yameenda.

Yalikuwa yameenda kwenye kona ya mpira. Siku ya tisa asubuhi mzee alikuwa akichonga gia ya mashine ya kuvunja kokoto, kazi ya siku mbili, na alikuwa ameshamaliza meno ishirini na mawili kati ya thelathini na sita. Mimi nilikuwa upande wa pili nikikata vyuma kwa msumeno. Nilichoona kwanza ni bosi, mwenye karakana, akiingia mlangoni na kusimama ghafla akitazama viatu vyake. Maji meupe yalikuwa yamempokea kizingitini. Yalikuwa yamejaa kwenye meza, yakafurika, yakashuka sakafuni, yakafuata mteremko wa sakafu kwa utulivu mpaka mlangoni. Na kwa kuwa yote yalimwagika chini, tangi lilikauka, pampu ikavuta hewa, kikata kikakosa maji. Mzee alikuwa ameinama akipima jino. Alisikia mlio umebadilika kabla ya sisi sote, akaruka kwenye swichi, lakini alichelewa kwa pumzi moja. Kikata kilipoteza meno mawili. Gia ilipata jeraha ambalo halina dawa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee alilegeza klipu, akavua mpira, akaugonga kwenye kipande cha mbao. Kilitoka kitu kizima kimoja, kimejikunja kwa umbo la kona, maranda ya shaba na ya alumini na ya chuma yamesukana kama kiota cha ndege. Akakiweka juu ya gazeti. Akachukua chujio, akalishika juu kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa safi, halijachanika popote; maranda hayakupita humo.

Akaniita. "Mwalimu." Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na yeye alisema anaogopa watu waliosoma. "Mwalimu, wewe hutoa hii chujio?"

"Sijaigusa, mzee."

Neno moja na heshima moja. Nimewahi kusema uongo mrefu zaidi ya huo na haukunigharimu kama huo.

Aliitikia kwa kichwa. Hakunikazia macho hata kidogo. "Basi ni mimi," akasema. "Jumamosi nikiiosha. Lazima niliiacha nje, kazi ikaendelea, halafu nikairudisha na sikumbuki." Alisema kwa sauti ya mtu anayejisomea hesabu na kuona jibu limetoka jingine.

Bosi hakuwa mtu mbaya, na pengine ndiyo sababu maneno yake yaliuma. Alingoja mpaka sakafu ikaushwe, akaja akasimama karibu na mashine, akasema taratibu, "Mzee, hii mashine ni ya mtu ako macho. Ukiona umechoka, niambie tu. Hakuna mbaya." Halafu akaenda zake ofisini na soksi zake zilizolowa.

Sasa nikueleze mzee huyu alikuwa fundi wa namna gani, upate kujua nilikuwa nimevunja nini.

Alikuwa mrefu, mwembamba, amefunga miwani yake nyuma ya kichwa kwa ukanda wa mpira, na koti lake la kazi lilifungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa joto la Februari. Alikuwa na kopo la kakao ambamo vyombo vyake vya mfereji vilikaa, na kopo hilo alilifunga kwa ufunguo kwa makini kuliko alivyofunga vipimo vya bei ghali. Mlikuwa na spoku ya baiskeli aliyoipinda ncha kama ukucha wa paka, ya kuvulia maranda kwenye tundu. Mlikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaivisha mfuko wa nailoni. Aliipitisha juu ya mfereji, maranda ya chuma yakarukia mfuko, kisha akashika mfuko kwa nje, akachomoa sumaku, na maranda yakaanguka yenyewe ndani ya debe. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, na yeye akairudia ili nicheke tena. Na mlikuwa na brashi ya mkonge. Alikuwa ameisuka mwenyewe, mkonge wa ukingoni mwa shamba lake kule Kivaa, kwa sababu brashi ya dukani huacha nywele zake kwenye mfereji na nywele moja ikilala vibaya hushika randa moja, na randa moja hushika jingine. "Wanaitana," alisema. "Wakiwa wawili wanaita kanisa."

Aliweza kusikia mfereji. Watu wanaweza kubisha, mimi nilikuwepo. Akiwa ameupa mgongo na mashine inanguruma, angesema, "Inakunywa vibaya," na ukienda kutazama ungekuta randa moja refu limelala kwenye mdomo wa tundu. Kwake mashine ilikunywa vizuri au ilikunywa vibaya, na hakuwahi katika miaka yote kuacha inywe vibaya mpaka nilipomsaidia mimi.

Baada ya siku ile ya mafuriko akaanza kubadilika, na nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba hakuwa na sababu. Kwanza ilikuwa chaki. Kila akirudisha chujio alichora mstari mmoja kwenye ubavu wa mashine. Kisha mistari ikamtia wasiwasi: je, amechora bila kurudisha, au amerudisha bila kuchora? Akaanza kuniuliza mimi. Katikati ya kazi, mkono uko kwenye gurudumu la meza, anageuka: "Mwalimu, nimerudisha?" Nami nasema, "Umerudisha, mzee." Asubuhi mara moja, saa sita mara moja, jioni tena. Kila siku alinifanya shahidi wa akili yake.

Kisha akaleta kikombe cha bati chenye ua lililobanduka nusu. Kila asubuhi kabla ya kuvaa koti alichota kulanti, akaimwaga kwenye kona ya mbali ya meza, akafumba macho akihesabu kwa Kikamba mpaka asikie imeanguka ndani ya tangi. Ikifika saba kabla ya mlio, alifungua kila kitu. Vijana wa upande wa kuchomelea wakamtania kwamba mzee anawamwagia wahenga. Yeye akawajibu bila kufumbua macho, "Wahenga wangu hawanywi oili. Ni wenu hao." Tulicheka sote, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Ndivyo hufanya mtu wa aina yangu.

Siku moja saa ya chakula, tukila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliokuwa ameletewa kutoka nyumbani, aliniambia bila kuinua uso kwenye sahani, "Mwisho wa mwezi nitamwambia bosi atafute mtu. Mashine si ya kuchezea. Nikisahau chujio leo, kesho nitasahau mkono wa mtu." Nikasema asiseme hivyo. Akasema, "Kusahau si kosa. Kusahau kwamba unasahau, hapo ndio kosa. Mtu anajiondoa mwenyewe." Na kwa kuwa anaondoka, akasema, afadhali anionyeshe kila kitu, kwa sababu nani mwingine atapewa mashine kama si Mwalimu?

Kwa hiyo tazama hali yangu. Nilikuwa nimemvuruga mzee akili kwa ajili ya dakika kumi na sita za chai, na malipo yangu yalikuwa kupewa kiti chake, na kufundishwa naye mwenyewe namna ya kukikalia.

Alinifundisha wiki mbili. Nimesoma chini ya walimu wengi, wengine na vyeti vilivyofunikwa kwa kioo, na sijawahi kufundishwa vile. Alinionyesha kwamba randa la chuma cha kawaida hukatika fupi na likipata nafasi hutembea na maji, la alumini hujikunja na kuganda, na la shaba ni kama sindano na sumaku hailioni, kwa hiyo siku ya shaba unatumia macho na spoku tu. Alinionyesha kupanga vipande juu ya meza ili visizuie mteremko wa maji. Alinionyesha rangi: kulanti ikianza kuwa ya kijivu, maranda madogo kama unga yameshapita chujio na yanakaa chini ya tangi, na tangi linahitaji kuchotwa. Hakuwahi kusema fanya hivi kwa sababu nimesema. Alisema fanya hivi, halafu fanya kwa njia nyingine, halafu sikiliza.

Na siku moja akanikabidhi brashi nisafishe mfereji mbele yake. Nikaanza kama mtu yeyote angeanza, mwisho wa mbali, nikisukuma kuelekea kwenye tundu. Akanishika kifundo cha mkono.

"Kwenu ni wapi?"

"Mlimani, mzee. Nje ya mji wa Machakos."

"Kuna matuta?"

Matuta. Nimezaliwa juu ya matuta. Mlima wetu umekatwa ngazi kwa ngazi mpaka juu, na kila mtoto wa Ukambani aliyewahi kushika jembe anajua fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, hata kama mgongo unalia, hata kama chini ni karibu na ni rahisi. Ukiutupa juu, mvua ikija inakutana na ukingo, inasimama, ardhi inakunywa. Ukiutupa chini, mvua ya kwanza inauchukua na kwenda nao kwa jirani. Mama yangu alinipigia kelele kwa hilo miaka mingi, kwa sababu nilikuwa mvivu na niliutupa chini kila alipogeuka. Nikaenda shule ya sekondari nikidhani nimeponea.

"Kuna matuta," nikasema.

"Sasa wewe unatupa chini kwa nini? Anza kwa tundu. Safisha mdomo wake kwanza, halafu vuta, panda juu, panda juu, mbali na shimo. Maji yanajua kushuka yenyewe. Takataka ndio inataka mtu wa kuipandisha." Akaniachia mkono. "Hata nyanyake mtu anajua hiyo."

Nilianzia kwenye tundu. Nikavuta kwenda juu. Ilinichukua dakika ishirini na mbili na mfereji ukabaki safi kama sahani iliyolambwa. Akamimina kikombe chake, akafumba macho. Kulanti ikalia ndani ya tangi kabla hajafika nne. Akatabasamu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mfereji, na nikafikiri: mtu huyu anakwenda kukaa Kivaa akiamini ameharibika, na kitu pekee kilichoharibika hapa ni mimi.

Ungetarajia nimwambie pale pale. Nilikwenda nyumbani kunywa chai.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikafika. Saa tisa mzee alivua koti la kazi, akalikunja badala ya kulitundika, akavaa jaketi lake la nyumbani, lile alilokuja nalo kila Jumatatu kutoka Kivaa. Akaniwekea kopo la kakao mbele yangu, na ufunguo juu yake. "Naenda kwa bosi," akasema. "Hizi ni zako."

Kilichonishinda ni ule ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na kwa maneno ningeweza kusimama; sikuwa nimejiandaa kwa ufunguo mdogo wa kopo.

"Mzee," nikasema, "chujio nilikuwa nalitoa mimi."

Alikuwa ameshapiga hatua moja; akageuka.

"Jioni. Nikisafisha. Nilikuwa nalitoa, nasukuma maranda ndani, halafu nalirudisha. Ulivyoniuliza nilidanganya. Wewe hukusahau kitu, mzee. Hujawahi kusahau."

Alinitazama kupitia ile miwani kwa muda ambao ungetosha kumwaga vikombe vitatu. Kisha akauliza, na mpaka leo ninapenda kwamba hilo ndilo aliloliuliza kwanza: "Ulisukuma na nini?"

"Na ufagio. Na upepo."

"Upepo." Alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Siku ngapi?"

"Nane."

Alihesabu kimoyomoyo, naona midomo inatembea, na nilielewa kwamba halikuwa suala la kunihukumu. Alikuwa anapiga hesabu ya maranda. Siku nane za kazi ndogo za jioni, shaba siku mbili, alumini siku tatu. Ilipotimia sawa na kile kiota alichokitoa kwenye mpira, uso wake ulifunguka. Hesabu ilikuwa imetoa jibu lake. Alivua jaketi polepole, akalitundika msumarini. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye kulanti, akaifuta ile mistari ya chaki kwenye ubavu wa mashine, yote, kutoka chini kwenda juu. Alikuwa anapiga mluzi.

Halafu akachukua ufunguo wake na kopo lake.

"Twende," akasema. "Kwa bosi. Utasema wewe, mimi nitasimama tu."

Nilisema. Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama viatu vyake kama vile vilikuwa bado vimelowa, akamwambia mzee, "Nilikukosea." Kisha akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu mimi na msumeno wa kukatia vyuma tutakuwa marafiki wakubwa. Urafiki ule ulidumu karibu mwaka mzima. Ilikuwa haki, na ilikuwa na kelele nyingi. Mzee alibaki na mashine yake miaka sita mingine, na aliporudi Kivaa alirudi kwa sababu magoti yalimchosha, si kichwa. Kikombe hakukiacha. Nilimuuliza siku moja kwa nini bado anahesabu wakati anajua kwamba hakuwahi kusahau, akasema kwamba mfereji umezoea kuamkiwa. Aliponirudisha kwenye miling, hakuniambia neno juu ya yale mambo. Alitoa kopo, akafungua, akaninyooshea spoku. Leo mashine hiyo haipo, lakini ukinipa sinki, ukinipa bomba la paa, ukinipa mfereji wowote, mkono wangu unaanzia kwenye tundu na kupanda.

Lakini nirudi kwenye Ijumaa ile, kwa sababu bado sijamaliza kujiaibisha. Nilifika nyumbani nimechelewa, karibu saa kumi na mbili na jua bado lipo, na nilijihisi mwepesi, karibu mtakatifu. Nilikuwa nimesema ukweli na ukweli ulikuwa umenigharimu mashine. Jambo kama hilo mtu hulitafutia msikilizaji. Jirani yangu alikuwa ameketi mlangoni pake akikatakata sukuma zilizobaki. Nikamwaga makapi ya chai ya asubuhi mtaroni, nikaegemea ukuta na sufuria mkononi, nikamsimulia yote: chujio, mzee, chaki, kikombe, ufunguo, jinsi nilivyoteseka, jinsi hatimaye nilivyojikaza kiume. Nilisimulia vizuri. Nilimaliza kwa kuvuta pumzi, nikangoja.

Aliendelea kukata mpaka fungu lile likaisha. Akapangusa kisu kwenye leso.

"Wiki tatu mzee wa watu anafikiria kichwa yake imeisha," akasema, "na wewe ulikuwa unalala, huu ukuta ni mbao, nilikuwa nasikia ukikoroma. Sasa inama utoe hayo majani yako kwa mtaro."